Waya wa chini ya bahari na dhima isiyo na mwenyewe

JUMATATU ya Mei 13, 2024, mpwa wangu alikuwa katika saiba moja mjini Kitale, karibu na stendi ya magari, akijaza fomu ya kuomba ufadhili wa masomo. Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa hiyo hiyo, saa sita usiku. Alinipigia simu mwendo wa saa kumi jioni, sauti imejaa wasiwasi.

“Anko, neti imegoma kabisa. Inafungua nusu ukurasa halafu inalala.”

Nilifika pale na kumkuta kijana mwenye saiba ameegemea mlango, uso wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali moja mara hamsini. “Mwalimu, si mimi,” akasema kabla sijafungua kinywa. “Wanasema nyaya zimekatika baharini.”

Baharini! Kutoka Kitale hadi ufuo wa Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Na hata huko Mombasa siko ziliko­katikia nyaya. Siku moja kabla, nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika upande wa kusini, kaskazini ya Durban, Afrika Kusini. Jambo lililotukia chini ya maji ya Durban likamfunga mikono kijana wa Trans Nzoia. Tulikaa hadi saiba ikafungwa. Fomu haikwenda.

Tulipokuwa tukitembea kurudi, mpwa wangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: “Sasa anko, hii hasara ni ya nani?”

Swali hilo ndilo nililolibeba hadi kwenye makala haya. Si swali jipya. Limeulizwa tangu waya wa kwanza ulipolazwa chini ya bahari yetu, na majibu yaliyotolewa wakati huo ndiyo yanayotutawala hadi leo. Kwa kuwa ukurasa huu ni wa lugha, naomba tuanze na maneno.

Neno simu asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia uzi wa madini, yaani waya. Kabla ya kuja chombo cha kuzungumzia, wazee wetu walisema “kupiga simu” wakimaanisha kupeleka habari ya maandishi kwa waya. Kwa hiyo waya ndio uliotangulia, mazungumzo yakafuata. Leo tunabeba simu zisizo na waya mfukoni na kusahau kwamba safari kubwa ya sauti na picha zetu bado inapita ndani ya uzi uliolala sakafuni mwa bahari.

Maneno mengine matatu ndiyo mhimili wa kisa hiki: ruzuku, dhamana na dhima. Ruzuku ni fedha anazotoa mtu au serikali ili jambo liwezekane. Dhamana ni ahadi kwamba mwingine akishindwa, mimi nitalipa. Dhima ni ule mzigo wenyewe, jukumu linaloning’inia shingoni mwako hata usipotaka. Aghalabu tunayachanganya maneno haya katika mazungumzo ya kila siku. Waliojadiliana kuhusu nyaya hawakuyachanganya hata kidogo. Walijua vyema tofauti ya kuchanga na kuwajibika.

Turudi 1879. Januari 22 mwaka huo, jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza pale Isandlwana na kuua zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Uingereza. Habari hizo hazikufika London hadi Februari 11. Hapakuwa na waya kutoka kusini mwa Afrika. Habari ilipanda meli kwanza, ikafuata bahari ya Atlantiki hadi ilipoweza kuudaka waya. Dola lililojiita kubwa kuliko yote duniani lilikaa karibu majuma matatu bila kujua kwamba limepigwa.

Aibu hiyo ilifanya kazi ambayo maombi ya miaka mingi hayakuweza kuifanya. Mwaka huo huo iliundwa kampuni ya Eastern and South African Telegraph, mojawapo ya kampuni za mfanyabiashara Mskoti John Pender. Kabla ya mwaka kwisha, waya ulikuwa umelazwa kutoka Durban, ukapita Delagoa Bay na Msumbiji, ukatua Zanzibar, kisha ukaenda Aden kuungana na nyaya za kwenda Ulaya na India.

Nani alilipa? Hapo ndipo penye utamu. Kazi hiyo ilikuwa ghali mno kwa kampuni kuibeba peke yake, na wateja hawakuwa wengi. Basi wakaketi kama watu wanaopanga harusi: wewe utachanga ngapi, na mimi ngapi? Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku, na makoloni ya Rasi na Natal yakatoa zao. Ureno haikuweza kuachwa nje, kwani waya ulitua kwenye ardhi iliyokuwa ikiitawala. Zanzibar ilikuwa chini ya Sayyid Barghash, na bila idhini yake waya usingetua. Kampuni ilipata makao katika kisiwa kidogo cha Bawe, mkabala na mji.

Tazama vizuri lakini. Kilichogawanywa mezani pale kilikuwa ruzuku. Waya ulibaki mali ya kampuni, faida ikabaki ya kampuni. Je, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyepoteza mali kwa sababu ujumbe wake haukufika, au ulifika umepotoshwa, angemdai nani?

Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka minne kabla, katika mji wa St Petersburg, Urusi. Mkataba wa kimataifa wa simu wa 1875 ulianza kwa maneno matamu. Kifungu cha kwanza kilimpa kila mtu haki ya kutumia simu za kimataifa. Cha pili kiliahidi kutunza siri ya ujumbe. Kisha kikaja cha tatu: serikali zilizotia saini zikatangaza kwamba hazikubali dhima yoyote kuhusu huduma ya simu ya kimataifa. Basi. Haki unayo, siri utatunziwa, lakini mambo yakiharibika usituulize.

Ati hayo ni ya kale? La hasha. Katiba ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao Kenya ni mwanachama, ingali na kifungu chenye maana hiyo hiyo hadi leo: nchi wanachama hazina dhima kwa watumiaji wa huduma, hasa katika madai ya fidia. Serikali zimebadilika, himaya zimekufa, bendera zimeshushwa na nyingine kupandishwa. Kifungu kile kingali hai.

Miaka tisa baadaye, Machi 14, 1884, mataifa yalikutana Paris na kutia saini mkataba wa kulinda nyaya za baharini. Huu ulizungumzia dhima, tena kwa makini. Anayekata waya kwa kusudi au kwa uzembe ana hatia. Kampuni inayolaza waya wake na kuharibu wa mwingine italipia ukarabati. Na kuna kifungu ambacho napenda wavuvi wetu wakijue: nahodha au mvuvi aliyeitoa mhanga nanga yake au wavu wake ili asiuharibu waya, bila ya yeye kufanya uzembe, ana haki ya kulipwa na mwenye waya. Kanuni hizo ziliingizwa baadaye katika mkataba wa sheria ya bahari wa 1982.

Kwa hiyo mvuvi alitambuliwa, mwenye meli alitambuliwa, mwenye waya alilindwa kwa pande zote. Aliyebaki nje ni yule mtu wa mwisho kabisa wa waya, anayengoja ujumbe. Yaani mpwa wangu.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Hapana, na ushahidi upo. Katika bahari ya Pasifiki serikali zilifuata njia nyingine. Baada ya miaka mingi ya ubishi, Uingereza na makoloni yake zilikubaliana kuulaza waya kutoka Kanada hadi Australia na New Zealand, nao ukafunguliwa 1902. Safari hii waya haukuwa wa kampuni. Ulikuwa wa serikali zenyewe, chini ya bodi ya pamoja, na mzigo ukagawanywa katika mafungu 18. Uingereza ilichukua matano, Kanada matano, New Zealand mawili, na makoloni ya Australia, yaani New South Wales, Victoria na Queensland, mawili kila moja.

Miaka ya mwanzo mradi huo uliingiza hasara. Hasara ikagawanywa kwa mafungu yale yale 18. Hiyo sasa ndiyo dhima: kukubali kugawana kiangazi kama mnavyotarajia kugawana masika. Waama, mkataba huo nao haukumfidia mteja aliyepotelewa na ujumbe. Lakini angalau palikuwa na bodi moja, yenye wajumbe wanaojulikana, ambao wabunge wa nchi zao wangeweza kuwasimamisha na kuwauliza.

Kwa nini huko mafungu 18, na huku kwetu ruzuku tu kwa kampuni? Kanada na Australia zilikuwa na mabunge yao, na mabunge hayo yalibishana na London kila senti. Huku Zanzibar na bara lake, aliyekuwa akitawaliwa hakualikwa mezani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Ni rahisi kuona hasara ya mtu kuwa nyepesi ikiwa mwenyewe hayupo kusema uzito wake.

Naomba nikurudishe nyumbani, msomaji, kwa sababu kisa hiki kina damu pia.

Bungoma kuna kilima cha Chetambe, juu ya mji wa Webuye. Mwaka wa 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza pale Lumboka na kisha Chetambe. Mtawala aliyehusika alikuwa C.W. Hobley, aliyekuwa na kituo chake Mumias. Moja ya sababu zilizotajwa ni bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu. Ngome zilivunjwa, watu wengi wakauawa, mifugo ikachukuliwa. Wakati huo waya wa baharini ulikuwa umefika Mombasa kutoka Zanzibar tangu 1890, lakini Mumias hapakuwa na waya. Reli haikufika Kisumu hadi Desemba 1901. Ujumbe wa kutoka Mumias kwenda pwani ulibebwa na miguu ya tarishi. London isingeweza kuulizwa kabla ya risasi ya kwanza hata kama kuna mtu aliyetaka kuuliza.

Mwaka uliofuata, mambo yalikuwa tofauti Zanzibar. Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, alipiga simu London akiomba ruhusa ya kulipiga kasri kwa mizinga ya manowari. Jibu likarudi kwa waya, ruhusa ikatolewa. Asubuhi ya Agosti 27, saa tatu, mizinga ikaanza kunguruma. Haikuzidi saa moja. Takriban watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Linganisha matukio hayo mawili. Waya haukuleta huruma. Zanzibar ilikuwa na waya na bado ilipigwa mabomu. Ulicholeta ni kumbukumbu ya nani aliomba na nani alikubali. Kwa Zanzibar, dhima ina anwani mbili, moja Unguja na nyingine London, na maandishi yapo. Kwa Chetambe, ni rahisi kwa London kusema ni mambo ya mtu mmoja aliyekuwa mbali, porini. Wajukuu wa waliokufa Chetambe wakiuliza leo nani aliagiza, wanaanza kutafuta mahali pagumu zaidi.

Na waya ulipoanza kupanda bara, dhima iligeuka sura. Majirani zetu Wanandi waliuchukua waya wa simu uliofuata njia ya kwenda Uganda na kujitengenezea mapambo. Ardhi ilikuwa yao, waya ulipita bila idhini yao. Adhabu haikumtafuta mtu mmoja aliyekata waya. Ulikuja msafara wa kijeshi, na ng’ombe wa jamii nzima wakachukuliwa. Baharini, mkataba wa Paris uliuliza: alikata kwa kusudi au kwa uzembe? Alipata hasara kiasi gani? Huku barani hakuna aliyeuliza. Serikali ambayo haikukubali dhima kwa waya ulipokwama ilimtwika mwenyeji dhima yote waya ulipoibwa.

Basi, tuseme hayo ni ya wakoloni. Sisi wenyewe tulifanyaje?

Kuanzia 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja. Baada ya uhuru, mkataba wa 1967 uliifanya kuwa shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yakawekwa Kampala. Nilikulia Bungoma, na nakumbuka mzee mmoja jirani yetu aliyekuwa fundi wa laini. Alipanda nguzo kutoka Bungoma hadi Malaba, na wakati mwingine akavuka hadi Tororo bila kufikiri kwamba amevuka mpaka. “Waya haukujua Kenya wala Uganda,” alikuwa akituambia sisi vijana. “Ni mwajiri tu ndiye aliyekuja kujua.”

Mwajiri alijua 1977, Jumuiya ilipovunjika. Nguzo zilibaki zimesimama Malaba, waya bado ukavuka, lakini sasa palikuwa na deni, na kila mtu akalitazama kama mbwa mwenye kichaa. Mali ni ya nani? Madeni ni ya nani? Malipo ya uzeeni ya mafundi ni ya nani? Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kusuluhisha. Ilimchukua hadi Mei 14, 1984, serikali tatu zilipotia saini mkataba Arusha. Kenya ilichukua asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Namba hizo tatu ni mafungu yetu 18. Mara hii tulikuwa mezani wenyewe. Hata hivyo wastaafu wa Jumuiya ya zamani waliendelea kudai haki zao kwa miaka mingi baada ya kalamu kuwekwa chini, wengine wakaenda kaburini bado wakidai. Yule mzee wetu alizoea kusema kwamba asilimia ni lugha ya wakubwa. Yeye alitaka kusikia shilingi. Kugawana dhima baina ya serikali, kumbe, si sawa na kuifikisha dhima hiyo kwa anayestahili kulipwa.

Halafu ikaja enzi ya intaneti. Nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilianza mazungumzo ya waya wa pamoja, EASSy. Wakabishana: uwe wa nani, serikali ziwe na kauli kiasi gani, bei apange nani. Kenya ilichoka kungoja, ikaanzisha wake, TEAMS, kutoka Fujairah kwenye Falme za Kiarabu hadi Mombasa, serikali ikishirikiana na kampuni. SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010. Ukiyasoma mabishano hayo unahisi umewahi kuyasikia. Ni ile harusi ya 1879: nani achange ngapi?

Februari 2012, meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari ya Mombasa, na waya wa TEAMS ukakatika. Huduma ikazorota katika nchi kadhaa za eneo hili. Katika tukio kama hilo mwenye waya anayo sheria ya kumshika mwenye meli. Mkataba wa 1884 ulimfikiria. Mwenye saiba ya Bungoma aliyekosa wateja wiki nzima hana pa kushika.

Sidai kwamba serikali ilipe kila dakika mtandao unapokwama. Bahari ni bahari. Nanga huteleza, ardhi ya chini hutikisika, papo hapo waya unakatika. Nasema jambo dogo zaidi. Tumezifanya huduma za serikali, maombi ya kazi, karo na mitihani kupita ndani ya waya huo, tena kwa lazima. Anayekulazimisha kupita mlango mmoja ana wajibu fulani mlango unapokwama. Lau kila ofisi inayopokea maombi kwa mtandao ingekuwa na kanuni moja tu, kwamba waya ukikatika siku ya mwisho inasogezwa mbele, isingegharimu hata shilingi, na fomu ya mpwa wangu ingefika. Hiyo nayo ni dhima, ingawa haina noti ndani yake.

Asubuhi ya Jumanne mpwa wangu alijaribu tena. Ukurasa ukafunguka vizuri, haraka, wote. Ukamwambia muda umekwisha. Alinionyesha kioo cha simu bila kusema neno. Nikamwambia aandike barua, aeleze kilichotokea, ataje tarehe na saa. Akaniuliza aipeleke kwa nani.

Hapo ndipo tulipo tangu 1875.